Kimya, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nilikuwa na miaka hamsini na minane,
mpima mahindi kwenye maghala ya Dorsey, Nebraska,
na tamthilia yangu yote niliiandika
nyuma ya stakabadhi za mizani.

Mke wangu alinipigia pasi mashati matano.
Akasema, "Duane, usiwaambie hujawahi."
Niliwaambia papo hapo, kwenye foleni ya beji,
na bwana mmoja nyuma yangu akadakia, "Hata mimi."
Kumbe muongo. Ana tamthilia sita,
mbili zimechezwa Baton Rouge.
Ndivyo nilivyompata Anselm Broussard.

Tulilazwa bweni la wanafunzi waliokwenda likizo,
magodoro yanalia kama mifuko ya bisi,
ukutani mabaka ya gundi, mabango yamebanduliwa.
Anselm huzungumza usingizini.
Asubuhi nikamwambia: maneno yako ya ndotoni
yanashinda yale uliyotusomea jana.
Alicheka mpaka akaketi sakafuni, soksi moja mkononi.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu.
Viti sita, vishikio sita vya karatasi,
waigizaji watano niliowajua kwa chai tu,
na pembeni kabisa, asiye mhusika wa yeyote,
msomaji wa maelekezo: Arlene Vopat,
mkutubi kutoka Wilber, miwani imefungwa kwa uzi wa kijani.

Tamthilia ni ya ndugu wawili wanaouza shamba la baba yao.
Nilikuwa nimeandika "Kimya" mara kumi na tisa,
maana sikujua watu husema nini hapo.
Nyumbani kwetu hakuna aliyesema.

"Kimya," Arlene alisoma.
Kisha akangoja.
Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu.
Yeye alinionyesha kuwa hata kidogo kina wake;
alikipima kila kimoja kama ninavyopima mahindi,
hiki kina unyevu, hiki kimekauka, hiki kirudishwe shambani.
Mate yalinikauka. Sikujua nilikuwa nimeandika hayo.

Ukurasa wa thelathini na moja king'ora kikalia.

Hapa kwetu mtu habishani na king'ora cha Juni.
Tulishuka chini, watu arobaini, chumba cha kufulia,
ndoo, mafagio, harufu ya sabuni ya unga.
Taa zikazimika.
Juu yetu upepo ulikuwa ukiburuta kitu kizito, ukikiacha, ukikiburuta tena.
Mtoto wa mpishi alianza kulia.

Ndipo sauti ya Arlene, simu yake ikimmulika kidevu:
"Ndugu mdogo anaweka funguo mezani."
Meza haikuwepo.
Anselm akatoa funguo za gari lake la kukodi,
akaziweka juu ya mashine ya kufulia,
polepole, bati likaitikia,
na mtoto akanyamaza ili asikie.

Kilichofuata hakikusomwa na mtu.
Kilikuwa kimeandikwa.

Tufani ilipita kaskazini, ikang'oa paa la duka la matrekta.
Tulipanda juu, tukanywa bia vuguvugu,
na mtaalamu kutoka Chicago akasema tendo la pili ni refu mno.
Ana haki. Mpaka leo ni refu.

Anselm hunitumia picha za kamba wa mtoni na matusi.
Arlene huandika kadi, mwandiko umelala kushoto:
"Jikoni. Asubuhi. Mwanamke anakata vitunguu.
Anakumbuka chumba cha kufulia. Anatabasamu, anajikata kidole."

Machi hii nilimzika kaka yangu,
yule wa funguo, ingawa hakuwahi kuuona mchezo ule,
nami sikuwahi kumwambia kuwa upo.
Usiku nilimpigia Arlene. Maneno hayakutoka.
"Kimya," akasema.
Akangoja.
Nilimsikia akizima jiko,
akivuta kiti.